Umri wa Bwawa Si Cheti cha Usalama

Ukimuuliza anayeishi chini ya bwawa la udongo la zamani kama haogopi, atakujibu: "Hili limesimama tangu enzi za mkoloni, leo ndio libomoke?" Wengi tunalipokea jibu hilo kama ushahidi. Mimi nasema si ushahidi, na kulitegemea kunaweza kuua watu.

Tuanze na ukweli uliomo. Bwawa jipya lina hatari yake. Teton, katika jimbo la Idaho huko Marekani, lilipasuka tarehe 5 Juni 1976 likiwa ndiyo kwanza linajazwa maji, na watu 11 wakafa. Lakini mabwawa mawili ya Derna, Libya, yaliyojengwa miaka ya 1970, yaliivuka hatua hiyo yakakaa karibu nusu karne. Usiku wa kuamkia 11 Septemba 2023, mafuriko ya kimbunga Daniel yaliyabomoa yote mawili, na maelfu ya watu wakapoteza maisha. Mwaka uliotangulia, mtaalamu wa maji wa Libya alikuwa ameonya kwa maandishi kwamba yanahitaji matengenezo.

Tuta la udongo linaweza kuharibika kutokea ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Kila tuta hupitisha maji kidogo, na hilo peke yake si kosa. Cha kuangalia ni maji yenyewe yanapochuruzika chini ya tuta, upande wa makazi. Yakinge kwenye chupa ya maji ya dukani, uyatazame juani. Yakiwa maangavu na hayaongezeki, endelea kuyafuatilia. Yakiwa na rangi ya udongo, ujue yanatoka na tuta lenyewe, chembe kwa chembe, na humo ndani mfereji unajichimba kuelekea bwawani. Hata mti uliootea tutani, ambao wengi huusifu kwa kushika udongo, ukifa mizizi yake huoza na kuyaachia maji njia.

Juu ya tuta nako kuna mambo. Ng'ombe wanaovuka kila siku kwenda kunywa hulichimba, na pale wanapopita tuta hushuka. Bwawa likifurika, maji yatamwagikia hapo kwanza, na yakishaanza kupita juu ya udongo huukata haraka sana. Wapo pia wanaoziba utoro, ile njia ya pembeni inayotoa maji yaliyozidi, kwa mawe na viroba vya mchanga ili kiangazi kikute maji mengi. Wanapofanya hivyo wanayanyima mafuriko njia salama ya kutokea.

Na hata kama tuta lingebaki kama lilivyojengwa, mazingira yake hayabaki vilevile. Bwawa la Hombolo, Dodoma, lililojengwa mwaka 1957, limepoteza sehemu ya nafasi yake kwa tope. Nafasi ikipungua, mafuriko huufikia utoro mapema. Milima ikikatwa miti, mvua ileile huteremka kwa kasi. Bondeni nako watu hujenga. Huko Solai, kaunti ya Nakuru, bwawa la udongo la shamba binafsi lilipasuka usiku wa 9 Mei 2018 katikati ya masika, na watu zaidi ya 40 wakafa.

Swali jingine tunalolikwepa ni hili: bwawa letu ni la kazi gani? La kuzuia mafuriko hufaa likiwa na nafasi tupu. La kunyweshea mifugo na kumwagilia hufaa likiwa limejaa. Anayetaka limkinge na mafuriko huku likibaki limejaa pomoni anataka mambo mawili yasiyokaa pamoja. Kazi ya bwawa isipojulikana, hakuna atakayejua maji yaishie wapi wala nani afungue koki kabla ya masika.

Sisemi mabwawa ya zamani yabomolewe. Mengi bado yanalisha watu na mifugo, na kuyabomoa ovyo ni kuongeza kiu. Nasema yakaguliwe kila mwaka kabla ya mvua, matuta yafyekwe, utoro uzibuliwe, na kila bwawa liwe na msimamizi anayejulikana kwa jina, ambaye mwanakijiji akiona maji machafu chini ya tuta anajua ndiye wa kumpigia simu. Bwawa lisilo na mtu huyo ndilo la kuogopwa, liwe na mwaka mmoja au sabini.