Afya ya Nyanya ni Kazi ya Mtaa Mzima



Watumishi wengi wakaao Kwa Mathias wana vitalu vya nyanya nyuma ya nyumba zao, na malalamiko yao ni yale yale: miche ilianza vizuri, kisha ikafa. Mmoja husema mchanga wetu wa Kibaha hauna rutuba, wa pili huilaumu mbegu, wa tatu hulilaumu jua, na mwisho wote hukutana dukani kununua dawa. Sisi twaona ya kuwa asili ya shida hii ni nyingine. Nyanya zetu hufa kwa sababu kila mwenye ua hulima peke yake, kana kwamba maradhi ya mimea huujua mpaka wa kiwanja.

Mtazameni adui wa kwanza. Yuko nondo mdogo wa kijivu, asiyezidi urefu wa punje ya mchele, ambaye wakulima wa Tanzania wamempa jina la kantangaze. Kwao ni Amerika ya Kusini. Mwaka 2006 alionekana Hispania, na mwaka 2014 alionekana nchini mwetu, katika kijiji cha Ngabobo, wilaya ya Arumeru. Jike mmoja aweza kutaga mayai hata 260. Kiwavi wake hutoboa jani akaishi kati ya ngozi ya juu na ya chini, tena huingia ndani ya tunda lenyewe. Dawa impate wapi, naye amejifungia ndani? Katika joto la Pwani kizazi chake hukamilika kwa muda wa kama mwezi mmoja. Kwa hiyo mtu aachaye mashina makavu yasimame uani baada ya kuchuma nyanya zake za mwisho, huyo awafugia jirani zake nondo.

Adui wa pili ni mnyauko uletwao na bakteria. Mche huu huwa mzuri asubuhi, adhuhuri majani yamelala, na baada ya siku chache umekufa ungali na rangi ya kijani. Atakaye kuhakikisha na alikate shina karibu na ardhi, alitumbukize ncha yake katika bilauri ya maji safi. Akiona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka ndani ya maji, ndio wenyewe. Hakuna dawa ya kuuponya mche huo. Vijidudu vyake hukaa udongoni kwa miaka, na husafiri kwa maji ya mvua yatiririkayo kutoka ua hadi ua, kwa viatu, na kwa jembe tuazimanalo kwa wema bila kuliosha. Tena hawaishi katika nyanya tu. Bilinganya, nyanya chungu, pilipili na mnavu ni ndugu wa nyanya, na maradhi haya huwajua wote. Mtu atoaye nyanya akapanda bilinganya mahali pale pale hakubadili zao, amebadili jina tu.

Sasa tuseme juu ya dawa, maana hapa ndipo penye hatari kwetu. Bustani ya nyumbani si shamba la mbali. Ipo karibu na jiko, karibu na kamba ya nguo, na watoto hucheza pembeni yake. Mtu apulizaye sumu kila akionapo tundu katika jani, kisha akachuma kesho yake, aila sumu hiyo yeye na wanawe. Kila dawa ina siku zake za kungoja kabla ya kuchuma, nazo huandikwa katika kibandiko cha chupa. Dawa iliyopimwa katika kizibo na kumiminwa katika chupa ya soda haina kibandiko, na kwa hiyo haina siku. Isitoshe, kantangaze ni mwepesi wa kuizoea dawa ile ile akapulizwa asife, hali wale wadudu wema waliokuwa wakila mayai yake wamekwisha kufa.

Kwamba mdudu hushindwa na mdudu mwenziwe si hadithi. Hapa hapa Kibaha kuna kituo cha taifa kilichowekwa kwa kazi hiyo ya kuwadhibiti waharibifu wa mimea kwa kutumia adui zao wa asili. Kidung'ata wa mihogo, aliyekuwa akiangamiza chakula cha Afrika, alishindwa na nyigu mdogo aliyetolewa Amerika ya Kusini, na Dk. Hans Herren aliyeiongoza kazi hiyo alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995. Kadhalika, mwaka 1963 ulipoanza Kibaha mradi wa Tanganyika na nchi za Nordiki, pamoja na shule na kituo cha afya palijengwa chuo cha kuwafunza wakulima. Mji wenye urithi huu haufai kuwa mji wa kubahatisha chupa.

Basi twashauri mambo manne, nayo yatafaa tu tukiyatenda pamoja.

Kwanza, tupande kwa majira mamoja. Joto kali, hasa la usiku, huyapukutisha maua ya nyanya, na mvua za masika huyalowesha majani yakashikwa na ukungu. Majira ya Pwani yaipendezayo nyanya ni kipupwe. Tusie mbegu kitaluni mwezi wa Mei, tuhamishe miche mwezi wa Juni, ikiwa na wiki tatu au nne.

Pili, tung'oe pamoja. Uchumaji ukiisha, mashina yote na matunda yaliyooza yafukiwe katika shimo refu au yachomwe, kisha kitalu kipumzike kwa mahindi, kunde au mchicha. Nondo akikosa nyanya na ndugu zake mtaa mzima, atazaliana wapi?

Tatu, tuutunze mche ili uwe na nguvu. Mchanga wetu wataka samadi iliyooza vema, na matandazo ya majani makavu ya kuhifadhi unyevu. Maji yatiwe shinani asubuhi, si juu ya majani jioni, tena kwa kipimo kisichobadilika-badilika, maana ukavu ukifuatwa na gharika huliozesha tunda kitako. Mche usimamishwe kwa mti, na majani ya chini yagusayo ardhi yaondolewe.

Nne, dawa iwe neno la mwisho. Tumwite Bwana Shamba au Bibi Shamba kabla ya kununua, na tununue tu ile iliyosajiliwa, ikiwa katika chupa yake yenyewe.

Twajua lisemwalo: mtumishi aondoka alfajiri kwenda Dar es Salaam, arudi usiku, nafasi ataipata wapi? Twajibu kwamba nyanya hazitaki siku nzima. Dakika kumi kabla ya kutoka zatosha kugeuza majani, kutazama upande wa chini, na kuchuma lile lililotobolewa. Naye aliyepanga chumba, asiye na kiwanja, aweza kupanda miche mitatu katika ndoo zenye udongo safi, nayo mara nyingi huwa salama kuliko ya mwenye shamba.

Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Jirani yako akiona nyanya zake zimenyauka, usimcheke wala usinyamaze. Nenda ukamsaidie kung'oa, uoshe jembe, kisha urudi ukatazame za kwako. Mwezi wa Mei hauko mbali kwa mtu mwenye samadi ya kuozesha. Sisi twauliza: ni nyumba ngapi za Kwa Mathias zitakazokubali kuanza pamoja?