BWANA SHAMBA ANASEMA: Pipa la moshi likae nje

Ndugu msomaji,

Mwezi huu tuzungumze juu ya pipa la kupikia samaki kwa moshi. Kwetu huku kando ya Bwawa la Mtera, perege na kambale wasipowahi moto huoza. Pipa linatusaidia sana. Lakini pipa hilo hilo linaweza kuua. Mimi nusura liniue, ingawa kazi yangu ni kuwafundisha wengine.

Siku hiyo mvua ilikuwa karibu. Niliweka pipa katika jiko la uani, nikawasha mkaa. Mvua ilipoanza, nikafunga mlango na dirisha. Moshi ulikuwa umeisha, yamebaki makaa mekundu tu. Nikaona hakuna hatari. Baada ya muda kichwa kikauma. Miguu ikalegea. Mke wangu alipokuja kuniita nile, alinikuta nimekaa chini, siwezi kumjibu. Akanivuta nje. Angechelewa, leo nisingekuandikia.

Ni kitu gani kilichoniangusha? Mkaa unapowaka hutoa hewa ya sumu. Jina lake ni kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Moshi ukiisha, sumu haijaisha. Kwa hiyo usiwashe pipa ndani ya nyumba, wala usilale na makaa chumbani. Liweke nje, mbali na nyumba ya nyasi. Ukiogopa mvua, jenga kibanda cha bati kisicho na kuta.

Mtu akiumwa kichwa, akiona kizunguzungu au kichefuchefu karibu na makaa, mtoe nje haraka. Kisha mpeleke zahanati. Usimpe maziwa ukangoja apone.

Sasa tuone namna ya kutengeneza pipa. Tafuta pipa lililochukua mafuta ya kula. Usitumie lililokuwa na dawa ya wadudu. Lililokuwa na petroli linaweza kulipuka wakati wa kulikata. Kama lina rangi, lichome kwanza kwa moto mkali likiwa tupu.

Kata mlango mdogo chini, wa kuingizia mkaa. Toboa matundu ya hewa kuzunguka sehemu ya chini. Katikati pitisha nondo za kubeba sufuria ya maji. Juu yake pitisha nondo nyingine za kubeba wavu wa samaki. Funika kwa mfuniko wenye tundu la kutolea moshi.

Sufuria ya maji ina kazi mbili. Kwanza, hupunguza ukali wa moto, samaki wasiungue nje wakabaki wabichi ndani. Pili, hupokea mafuta yanayodondoka. Mafuta yakianguka juu ya makaa hutoa moshi mbaya, ambao unaweza kuleta saratani ukila vyakula vya namna hiyo mara nyingi. Tia maji ya moto, na usiache yakauke.

Washa mkaa kwa vijiti vikavu au maganda ya mahindi. Usitumie mafuta ya taa wala plastiki. Ngoja makaa yawe mekundu yenye majivu meupe juu, ndipo upange samaki. Wawe wamepasuliwa, wameoshwa na kutiwa chumvi. Kwa moshi, weka vipande vichache vya mti mkavu, kama mpera au mwembe. Usitumie mbao zenye rangi au dawa.

Usifunue mfuniko kila mara, maana joto hutoka. Moto ukizidi, ziba baadhi ya matundu ya chini. Usimwage maji juu ya makaa, kwa sababu mvuke utakuunguza. Na watoto wakae mbali.

Samaki ameiva nyama ikiwa nyeupe mpaka kwenye mfupa, nayo inaachana na mfupa bila kuvutwa. Usimrudishe katika sinia ulilowekea samaki wabichi kabla ya kuliosha.

Lakini samaki aliyeiva siye aliyekauka. Samaki wa pipa lenye maji bado ana maji mwilini. Mle siku hiyo hiyo. Ukitaka kumweka au kumpeleka mnadani, akishaiva ondoa sufuria ya maji, punguza moto, umwache juu ya wavu mpaka awe mkavu na mwepesi. Wengi wamepata hasara kwa kufunga kapuni samaki wenye maji. Njiani wakaota ukungu.

Kazi ikiisha, ziba matundu yote. Acha majivu mpaka kesho, kisha uyafukie shimoni.

Ndugu msomaji, nimeeleza mambo mengi. Ukisahau mengine yote, shika hili moja: mvua ikinyesha, waache samaki walowe. Samaki watapatikana tena.

Tuonane mwezi ujao.

Bwana Shamba wenu