Kompyuta haijafa, haijachunguzwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa huu wa barua ili nami nitoe dukuduku langu. Jambo lenyewe ni kompyuta za mezani zilizolala katika ofisi za shule na za vijiji, zimefunikwa gunia, na kila ukiuliza unaambiwa, "Hiyo imekufa." Mimi nasema nyingi kati ya hizo hazijafa. Hazijachunguzwa.

Hapa kwetu shuleni tunayo moja, nayo ni ya zamani. Ndiyo inayochapa mitihani na kutunza alama za wanafunzi. Ikaanza ugonjwa: ukiiwasha inafanya kazi kama robo saa, kisha inazimika yenyewe. Tukaifunga kwenye bodaboda hadi mjini Njombe. Ilipofika kwa fundi haikuonyesha picha kabisa, ikawa inalia tu pi, pi, pi. Fundi akasema madabodi imekufa, zinatakiwa shilingi 280,000. Fedha tuliyokuwa nayo ilikuwa ya mauzo ya viazi vya shamba la shule, viazi ambavyo watoto wamevilima na kuvipalilia kwa mikono yao. Kamati ya shule ikaitwa ili iamue kama fedha hiyo itoke.

Kabla ya kikao niliomba ruhusa kwa mwalimu mkuu niifungue. Ni mali ya umma, hivyo tuliandika katika daftari, wakawepo walimu wawili wa kushuhudia, na waya wa umeme tukauchomoa. Ndani tulikuta vumbi jekundu limejaa kwenye feni na kwenye mapezi ya chuma yanayopoza moyo wa mashine, limeshikana kama blanketi. Hiyo ndiyo ilikuwa sababu ya kuzimika. Joto likizidi, kompyuta hujizima ili isiungue. Nikalipangusa kwa brashi laini ya rangi.

Vile vilio vilikuwa na sababu nyingine. Vibao vya kumbukumbu, ambavyo mafundi huviita ramu, vilikuwa vimelegea katika nafasi zake kwa mirusho ya bodaboda. Nikavichomoa, nikasugua meno yake ya rangi ya dhahabu kwa ufutio wa penseli, nikavirudisha mpaka vikabana. Tulipoiwasha, picha ikatokea. Kikao cha kamati kikazungumzia madawati.

Ndugu Mhariri, sisemi haya ili nijisifu, wala sisemi kwamba mafundi wote ni walaghai. Nasema kwamba aliyeuza hukumu ya kifo hakuwa amefungua boksi, na sisi tulikuwa tayari kumlipa kwa sababu tunaiogopa mashine. Mbona hatuiogopi mashine ya kusaga? Kijana anayeiendesha akisikia mlio umebadilika, anajua mkanda umelegea au beringi imekwisha. Hasemi injini imekufa. Anaanza na kilicho rahisi, akimaliza hapo ndipo anakwenda kwenye kilicho kigumu.

Kompyuta nayo husema. Ikiwa saa na tarehe zinarudi nyuma miaka mingi kila ikizimwa, tazama betri ndogo ya mviringo kama sarafu iliyo kwenye madabodi. Ni ya volti 3 na bei yake ni ndogo. Ikiwa haiwaki hata taa, anza na soketi ya ukutani na waya, kisha ndipo ushuku pawa saplai. Ikiwa inalia bila picha, hesabu vilio vyake, kwani kila kiwanda kina maana zake, na mara nyingi ni ramu. Ikiwa inaganda au inatoa kioo cha buluu wakati wa kazi, andika maneno yaliyotokea kabla hujaizima. Ukiona vile vikopo vidogo vinavyoitwa kapasita vimevimba vichwa, ujue ubao umeugua kweli. Kapasita mbovu zilizotengenezwa miaka ya mwanzo ya 2000 ziliharibu kompyuta nyingi duniani, na baadhi ya hizo tumezipokea sisi kama misaada.

Kanuni kubwa ni kubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja na kujaribu. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja, hata ikipona hutajua kilichoiponya. Na nitoe onyo: boksi la pawa saplai lisifunguliwe na asiye fundi, kwa maana hubaki na umeme ndani hata baada ya kuchomolewa.

Sasa niseme na kosa langu. Miezi kadhaa baadaye mashine ile ile ikaanza kuwa nzito, faili likichukua muda mrefu kufunguka, na ndani kukisikika ka, ka, ka. Mimi niliyekwisha kuitwa fundi nikasema ni vumbi tena. Nikawa naizima na kuiwasha, naizima na kuiwasha. Kumbe diski inayotunza kazi zote ilikuwa inakata roho, na kila nilipoiwasha nilikuwa naimalizia. Alama za darasa la sita za mihula miwili zikapotea, na hatukuwa na nakala hata kwenye flashi. Nilikaa jioni nyingi nikizinakili upya kutoka katika madaftari ya watoto, na wapo watoto ambao madaftari yao hayakupatikana. Hao niliwakosea. Tangu hapo najua kwamba diski ikilia, kazi ya kwanza ni kunakili yaliyomo. Matengenezo yanafuata.

Nchi yetu ina historia na mashine hizi. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta, baada ya kuona zinakula fedha nyingi na kutegemea wataalamu wa kigeni. Katazo hilo lililegezwa miaka ya 1980 na baadaye likaondoka. Lakini funzo lake halijaondoka: mashine usiyoijua ni mzigo, hata ukipewa bure. Mwalimu Nyerere alipoandika juu ya Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 hakuwa akizungumzia kompyuta, lakini naona kufungua boksi na kupangusa feni ni kujitegemea kama kulima viazi.

Tena sasa jambo hili ni la haraka. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10, na kompyuta nyingi za zamani haziwezi kupokea toleo lililofuata. Tutaambiwa tuzitupe zote. Zisitupwe ovyo, kwani ndani yake mna risasi na sumu nyingine zisizofaa kufika mashambani wala kwenye vijito vyetu. Iliyo nzima inaweza kuwekewa Linux, ambayo hailipiwi, ikafundishia watoto kuchapa na kuhesabu.

Kwa hiyo ninatoa maombi manne. Kwanza, vyuo vya ualimu viwafundishe walimu kutafuta hitilafu kwa vitendo, kwa kompyuta iliyofunguliwa mezani, si kwa kuchora picha ya kibodi ubaoni. Mimi mwenyewe nilipita chuoni bila kuona ndani ya kompyuta. Pili, kila halmashauri iwe na fundi wa kuzungukia shule akiwa na sanduku la vipuri vizima vya kujaribia. Tatu, kila shule iwe na daftari la hitilafu: tarehe, dalili, kilichofanyika, na kama umeme ulikatika au radi ilipiga siku hiyo. Nne, fundi anayebadilisha kipuri arudishe kile kibovu na kuandika sababu, ili fedha ya umma ijulikane imekwenda wapi.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wenyewe safari hii ni vumbi tu, na brashi ya kulipangusa tunayo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kifanya, Njombe.