Jina la bei mbaya halileti watalii

Walanguzi tuliowazoea ni wa sukari, saruji na mafuta. Wapo pia walanguzi wa majina. Hawa husajili majina ya tovuti yenye maneno yale yale ambayo wateja huyaandika wanapotafuta bidhaa au huduma kwenye intaneti, wakayakalia, kisha wakamngoja mfanyabiashara mwenye haja.

Mmoja wa wenye haja hiyo ni mzee mmoja wa Moshi, mwenye kampuni ndogo ya kupandisha watalii Mlima Kilimanjaro. Ametajiwa bei ya jina lenye maneno ya Kiingereza yanayotaja mlima, kupanda na gharama nafuu. Fedha hizo zinakaribia anazotumia kununulia mahema na mifuko ya kulalia ya msimu mzima. "Kijana wangu," aliniuliza, "wewe umesomea biashara. Nikilinunua jina hili, si nitatokea wa kwanza mtu akitafuta?"

Jibu langu ni hapana, Mzee. Na kwa kuwa najua hayuko peke yake, naomba nieleze sababu.

Ni kweli kwamba zamani wauzaji hawa walikuwa na hoja. Mitambo ya kutafutia habari kwenye intaneti ililinganisha maneno aliyoandika mteja na maneno yaliyomo katika tovuti, jina lake likiwemo. Google, iliyoanzishwa mwaka 1998, iliongeza kipimo kingine: tovuti ngapi zimeweka kiungo cha kwenda kwenye tovuti fulani, na kiungo hicho kimeandikwa kwa maneno gani. Aliyekuwa na jina lililojaa maneno ya wateja alifaidika mara mbili, kwa sababu kila aliyemtaja kwa jina lake aliyarudia maneno hayo hayo bila kukusudia.

Kilichofuata ni kile kinachofuata kila mahali penye mwanya. Watu walisajili majina kwa wingi, wakajaza humo maandishi ya ovyo na matangazo, wakawatangulia wenye biashara halisi. Tarehe 28 Septemba 2012, Matt Cutts, aliyekuwa akiongoza kikosi cha Google cha kupambana na tovuti za hila, alitangaza mabadiliko ya kuzishusha tovuti duni zilizobebwa na jina tu. Yaligusa kiasi cha asilimia 0.6 ya maulizo ya Kiingereza nchini Marekani. Asilimia hiyo ni ndogo kwa macho, lakini kwa walioweka mtaji wao wote kwenye majina ilikuwa kilio. Leo mwongozo wa Google wenyewe unasema waziwazi kwamba maneno yaliyomo katika jina la tovuti, peke yake, karibu hayana athari yoyote katika kupanga nani atangulie.

Wauzaji watakutajia bei kubwa zilizowahi kulipwa. Mwaka 2010 kampuni ya Marekani iitwayo QuinStreet ilinunua Insurance.com kwa dola milioni 35.6 na CarInsurance.com kwa dola milioni 49.7. Ni kweli, lakini hazikuwa bei za majina matupu. Pamoja na majina hayo zilinunuliwa biashara zilizokuwa zikiendeshwa chini yake. Wasichokutajia ni habari za Pets.com. Kwa muuza vyakula na vifaa vya wanyama wa nyumbani, jina gani lingekuwa wazi kuliko hilo? Kampuni hiyo iliingia soko la hisa la Nasdaq Februari 2000, na Novemba ya mwaka huo huo ikafunga. Wakati huo huo tovuti yenye jina la mto wa Amerika Kusini, Amazon, iliyoanza kwa kuuza vitabu mwaka 1995, iliendelea kukua.

Wapo watakaoniuliza kuhusu Booking.com. Ni mfano mzuri, ila si kwa upande wao. Kampuni hiyo ililazimika kwenda hadi Mahakama Kuu ya juu kabisa ya Marekani ili neno hilo la kawaida likubaliwe kuwa alama ya biashara. Mwaka 2020 ilishinda kwa majaji 8 dhidi ya 1, kwa hoja kwamba wateja walikwisha kulitambua kuwa jina la kampuni. Maana yake ni kwamba wateja ndio waliolipa jina thamani. Mzee wangu wa Moshi hana fedha za mawakili wa kiwango hicho, na jirani yake hazuiwi kusajili maneno yale yale kwa kuongeza kistari katikati.

Hapa nyumbani tunao ushahidi wa karibu zaidi. Jina Azam halitaji unga, aiskrimu wala boti, lakini nani asiyejua akitumwa dukani alete nini?

Sasa pita Arusha au Moshi usome vibao vya kampuni za utalii. Kilimanjaro, Serengeti na safari vimerudiwa mpaka vinachosha. Mjerumani aliyepanda mlima akashuka salama anapotaka kumtuma ndugu yake kwako, atamwambia jina gani? Akikosea neno moja, mteja wako ameangukia kwa mwingine. Hasara hiyo haionekani katika hesabu za mwaka, lakini ipo.

Sisemi neno linaloeleza kazi yako ni kosa. Kama unaanza leo, na jina unalipata kwa ada ya kawaida, chukua lililo fupi, linaloandikika hata likitajwa kwa simu. Ninachokataa ni kuuza mahema ili kununua jina. Isitoshe, kubadili anwani inayojulikana bila kuelekeza kurasa za zamani kwenye mpya ni kutupa hata nafasi uliyokwisha kuipata.

Fedha hizo zifanye kazi nyingine. Andika ukurasa kamili kwa kila njia, Marangu, Machame, Lemosho na Rongai: siku ngapi, bei gani, ada za hifadhi kiasi gani, wapagazi wanalipwaje. Weka picha zako mwenyewe. Waombe wageni waliorudi makwao waandike walichokiona. Hayo ndiyo mteja anayotafuta, na ndiyo mitambo inayojaribu kumpelekea.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mzee, nunua mahema.