Staa Kapeleka Mvinyo wa Ureno Ukweni Kanazi, Kibuyu Kakikwepa!

Kuna staa mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, majuzi kaenda kupeleka posa Kanazi, kule Ngara mkoani Kagera. Magari matatu, suti kali, na boksi zima la mvinyo mwekundu wa Ureno. Wazee wakamiminiwa, wakaonja, mmoja akageuka pembeni akatema. Kisha na wao wakaleta kibuyu cha pombe ya ndizi na mirija yake. Staa akakipiga picha, akakisogeza, hakugusa. Posa ikaambiwa isubiri kwanza.

Klipu ilipovuja, mitandao ikagawanyika. Timu ya kwanza inasema wazee ni washamba. Timu ya pili inasema staa anajifanya mzungu. Ukweli ni kwamba timu zote mbili zimechemka.

Hilo la uzungu halina mashiko. Neno lenyewe "mvinyo" limetoka kwenye Kireno, "vinho", kama ambavyo "meza" imetoka hukohuko. Wareno walifika pwani yetu 1498, baadaye wakafukuzwa, maneno yakabaki. Na Dodoma zabibu zinalimwa na mvinyo unatengenezwa miaka na miaka. Kunywa mvinyo hakumgeuzi mtu kuwa Mreno.

Hilo la ushamba ndo baya zaidi. Mvinyo mwekundu wa Ureno, hasa wa bonde la Douro, mara nyingi unatengenezwa na zabibu kama Touriga Nacional, ndogondogo zenye ganda nene. Kwenye ganda na mbegu ndo kuna tanini, kile kitu kinachokausha ulimi na fizi. Mtu wa Kanazi anakijua tangu utotoni: ni kama ule ukakasi wa ndizi mbichi. Sasa chupa imeshinda kwenye buti la gari juani, inamiminwa ikiwa ya moto, kwa mtu ambaye hajala kitu. Wewe usingetema?

Mvinyo wa namna hiyo unataka ubaridi kiasi, nyuzi 16 mpaka 18 hivi. Kama hakuna friji, weka chupa kwenye ndoo ya maji ya baridi kwa muda. Halafu unataka chakula chenye mafuta na chumvi, maana ndo vinatuliza ule ukakasi. Na hapo Kanazi dawa ilikuwepo: mbuzi wa kuchoma! Kipande chenye mafuta, ndizi za kuchoma pembeni, kisha funda dogo. Mzee yuleyule angeomba aongezewe.

Lakini inasemekana chupa zilifunguliwa wakati wa samaki na kachumbari ya pilipili. Hapo ndo mambo yaliharibika. Mvinyo mwekundu mkali ukikutana na samaki unaweza kuacha ladha kama umelamba msumari. Pilipili nayo inazidisha moto wa kilevi, na mvinyo wenyewe una asilimia 13 au 14. Kwa hiyo walioonekana hawajui kunywa ndo walikuwa na ulimi sahihi.

Kosa kubwa la staa lakini ni kile kibuyu. Pombe ya ndizi nayo ni kazi ya fundi. Ndizi zinavundikwa mpaka ziive, zinakamuliwa kwa nyasi, juisi inachanganywa na unga wa mtama uliokaangwa, inaachwa ichachuke. Ina utamu, uchachu na harufu ya nafaka iliyoungua kidogo. Mtu anayejua kuzungusha glasi na kunusa mvinyo wa Douro, anashindwaje kunusa kibuyu cha baba mkwe? Kuonja ni kuonja. Ukichagua kwa kuangalia lebo, wewe hujaonja kitu, umesoma karatasi tu.

Na ukweni kibuyu si kinywaji tu. Ni namna ya kusema "karibu, umekuwa wetu". Hata asiyetumia kilevi anapokea kwa mikono miwili, anashukuru, anaeleza kwa heshima, na wazee wanaelewa. Ila kukipiga picha halafu unakisukuma? Hapo umewasukuma wenye kibuyu.

Staa arudi Kanazi, safari hii bila kamera. Apeleke chupa mbili tu zilizopoa, achinje mbuzi, na kabla hajafungua chochote chake aombe mrija. Binti wa watu anasubiri.

Haya wadau, nani kakosea zaidi, staa au mzee aliyetema? Dondosha komenti.