Watazamaji walikosoa maneno, kimya je?

Muhula uliopita niliwakusanya wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu katika ukumbi mdogo wa mihadhara, nikawaonyesha sehemu ya kwanza ya tamthilia ya televisheni iitwayo The Hour. Umeme ulikatika mara mbili, jambo ambalo si geni kwa yeyote aliyewahi kufundisha katika vyuo vyetu, lakini hatimaye tuliifikisha mwisho. Tamthilia hiyo iliandikwa na Abi Morgan, ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza na BBC Two nchini Uingereza tarehe 19 Julai 2011. Inasimulia mambo ya chumba cha habari cha BBC mjini London mwaka wa 1956. Yumo mwandishi mwenye ulimi mkali, Freddie Lyon, aliyechoshwa na kazi ya kuunganisha picha za karamu za matajiri huku dunia ikiwaka moto. Yumo rafiki yake Bel Rowley, mwanamke anayekabidhiwa usukani wa kipindi kipya cha habari. Na yumo mtangazaji Hector Madden, aliyefika alipofika kwa uzuri wa sura na kwa kujuana na wakubwa.

Nia yangu haikuwa kuwaburudisha. Nilitaka tuzungumze juu ya yale waliyoyasema watazamaji wa Uingereza baada ya kuiona sehemu hiyo ya kwanza. Wapo walioisifu kwa mavazi yake na moshi wake wa sigara. Wapo walioilinganisha na Mad Men, tamthilia ya Kimarekani iliyoanza mwaka wa 2007, wakaiona ni mwigo, tena mwigo wa mwendo wa kobe. Hayo hayakunishughulisha. Walionishughulisha ni wale waliokaa mbele ya televisheni kama makarani wa mahakama, wakiyadaka maneno. Hao walilalamika kwamba wahusika wa mwaka wa 1956 walikuwa wakitamka misemo ambayo Waingereza hawakuizoea ila miaka mingi baadaye. Viti vilikuwa vya zamani, kofia zilikuwa za zamani, hata simu za mezani zilikuwa za zamani, lakini ndimi zilikuwa za juzi.

Mtu aweza kusema kwamba hao ni watu waliokosa la kufanya. Mimi sithubutu kusema hivyo, kwa kuwa niliwahi kuifanya kazi yao na nikaifanya vibaya.

Miaka ishirini na kitu iliyopita, nikiwa mwalimu kijana na shahada yangu ya kwanza ikinukia wino, nilialikwa kuwa mmoja wa waamuzi katika tamasha la michezo ya kuigiza la shule za sekondari. Shule moja, ambayo sitaitaja, ilileta mchezo juu ya vita vya Mbaruk bin Rashid dhidi ya Waingereza katika pwani yetu mwaka wa 1895. Katika onyesho la pili aliingia tarishi akihema, akatangaza kwamba kumefika simu kutoka Unguja. Nilicheka kwa sauti. Simu mwaka wa 1895! Niliandika kwenye karatasi yangu, kwa kalamu nyekundu, kwamba mwandishi hakufanya utafiti, nikawapunguzia alama. Hawakwenda mbele. Mwandishi alikuwa mvulana wa kidato cha tatu, naye alikuja kuniuliza kosa lake ni lipi. Nilimweleza kwa kirefu, na kwa madaha, kama wafanyavyo watu wasiojua wanachokisema.

Baadaye, katika masomo yangu ya uzamili, niliifungua kamusi ya Madan iliyochapishwa mwaka wa 1903, na hapo nikalikuta neno simu limekaa zake kitako. Asili yake ni Kiajemi, maana yake ni uzi wa madini, na watu wa pwani walilitumia kwa habari zilizopelekwa kwa waya. Waya hizo zilifika Unguja mwaka wa 1879. Mvulana yule alikuwa sahihi, nami mwamuzi ndiye niliyelichukua neno la babu yangu nikalidhania la kwangu. Sijui yuko wapi leo. Kama anasoma gazeti hili, namwomba radhi.

Kwa hiyo nilipoanza mjadala na wanafunzi wangu nilikuwa na hadhari. Nao hawakuchelewa kunipa mfano. Freddie ana mazoea ya kumwita Bel kwa utani Moneypenny, na darasa zima likaangua kicheko: hapo mwandishi amenaswa, James Bond si ni mtu wa sinema za miaka ya sitini? Ni kweli kwamba sinema ya kwanza ya Bond ilitoka mwaka wa 1962. Lakini riwaya ya kwanza, Casino Royale, ilitoka mwaka wa 1953, na Moneypenny yumo ndani yake. Mwandishi wa habari anayependa riwaya za ujasusi angeweza kabisa kulitamka jina hilo mwaka wa 1956. Sikio la msikilizaji lina hitilafu mbili: hulipokea neno jipya likidhani ni la kale, na hulikataa la kale likidhani ni jipya. Hitilafu hii ya pili haina tiba ila kitabu.

Na hapa ndipo ninapowaonea wivu watazamaji wale wa Uingereza. Mtu aliyelitilia shaka neno katika tamthilia aliweza kuinuka, akafungua ile kamusi yao kubwa ya Oxford, akakuta limeandikwa mara ya kwanza mwaka gani na katika maandishi gani. Sisi tunaye nani wa kumwendea? Tuna Krapf wa 1882, tuna Madan, tuna Johnson na Sacleux wa 1939, tuna kamusi ya TUKI ya 1981 na nyingine nzuri zilizofuata. Zote zinatueleza neno lina maana gani. Hakuna hata moja inayotueleza kwa utaratibu lilianza lini kuwa na maana hiyo. Mwalimu wa Kiswahili anayesahihisha insha ya kihistoria au mswada wa mchezo hana pa kushika ila sikio lake, nami nimekwisha kueleza sikio langu lilinifikisha wapi.

Chukua neno fisadi. Mwanafunzi wa leo akiliandika ana maana ya mla rushwa, mwizi wa mali ya umma. Katika kamusi za zamani, na katika masikio ya wazee wengi wa pwani hadi leo, fisadi ni mtu mwovu wa tabia, na hasa mwenye kuharibu wake za watu. Mweke mzee wa Lamu wa mwaka wa 1930 jukwaani, umwache amwite liwali fisadi kwa sababu ya fedha za kodi, nawe umemtukania liwali nyumba yake bila kujua. Ama siasa, katika kamusi za mwanzoni mwa karne iliyopita, ni upole na utaratibu. Kwenda kwa siasa kulikuwa ni kwenda taratibu bila ya kuumiza mtu. (Msomaji atazame wanasiasa wetu, kisha acheke au alie, shauri yake.) Utandawazi kila mtu atautambua kuwa ni mgeni. Anayetuponyoka ni neno kuukuu lililovaa kanzu mpya.

Hadi hapo nawaunga mkono watazamaji. Hata hivyo, kadiri nilivyoyatafakari malalamiko yao ndivyo nilivyoona kwamba walisimama nusu ya njia. Waliyahesabu maneno yaliyotamkwa. Swali kubwa zaidi katika tamthilia ya chumba cha habari, nionavyo mimi, ni lile lisiloweza kutamkwa.

Mwaka wa 1956 BBC ilikuwa imefungwa na kile kilichoitwa Kanuni ya Siku Kumi na Nne. Jambo lolote lililotarajiwa kujadiliwa Bungeni katika majuma mawili yaliyofuata halikuruhusiwa kujadiliwa hewani. Ilianza kama desturi ya BBC yenyewe wakati wa Vita Vikuu vya Pili, ikageuzwa kuwa amri ya serikali mwaka wa 1955, na haikulegezwa mpaka mwisho wa 1956, vita vya Suez vilipokwisha kuwaaibisha wote. Mwandishi wa habari aliyekulia chini ya kanuni kama hiyo hakuhitaji kukatazwa kila asubuhi. Alijikataza mwenyewe. Freddie Lyon, anayewasomea wakubwa wake hotuba kuhusu wajibu wa habari, anatupendeza kwa kuwa anafikiri kama sisi. Ungeweza kumsafishia kila neno kwa kamusi ya Oxford, naye angebaki mtu wa 2011 aliyeazima koti la 1956.

Niliwapa wanafunzi zoezi ili waione tofauti hiyo. Oktoba ya mwaka ule ilikuwa na habari tele: tarehe 23 wananchi wa Hungary waliinuka, tarehe 29 Israeli ikaivamia Sinai. Siku chache kabla ya hayo, tarehe 21 Oktoba, Dedan Kimathi alipigwa risasi na kukamatwa karibu na Nyeri. Niliwaambia waandike onyesho fupi la chumba cha habari cha London usiku huo, mtangazaji akisoma taarifa ya kukamatwa kwa Kimathi. Waandike kwa Kiswahili, wakijua kwamba wanafasiri, maana Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilikuwa haijaanza. Ilianza tarehe 27 Juni 1957. (Redio Cairo ilitangulia, mwaka wa 1954, wala si vigumu kuona kwa nini London ilifanya haraka kuifuata.)

Maonyesho yalikuja. Maneno mageni yalikuwa machache kuliko nilivyohofia. Lakini karibu wote walimfanya mtangazaji wa London aseme: mpigania uhuru Dedan Kimathi amekamatwa. Msomaji, litazame tungo hilo neno kwa neno. Mpigania, uhuru, amekamatwa. Hakuna neno hata moja ambalo halikuwapo mwaka wa 1956. Mtazamaji mwenye kamusi asingepata pa kulishika. Nalo ni uongo mtupu, kwa sababu katika kiti kile hapakuwa na mtu ambaye angeweza kulisema, na kama angelisema, asingerudi kukikalia kesho yake. Magazeti ya Uingereza yalimwita Kimathi kiongozi wa magaidi.

Msichana mmoja alikuwa ameacha nafasi tupu mahali pa neno hilo. Nilidhani amesahau. Alikuja ofisini kwangu, akaniambia: "Daktari, babu yangu alifungwa Manyani. Jina hilo aliitwa yeye na wenzake. Siwezi kuliandika kwa mkono wangu." Nilikaa kimya kidogo, kwa kuwa somo la isimu halina sura inayojibu jambo hilo. Kisha nikamwambia ninavyoamini, kwamba tukiliondoa neno lile katika kinywa cha mtangazaji tunamfanyia hisani mtangazaji, si babu yake. Atakayeutazama mchezo huo miaka hamsini ijayo atadhani London ilikuwa ikimwita Kimathi kwa jina la heshima, na hataelewa ni kwa nini wazee wale walipotoka kizuizini walikaa miaka wakizungumza kwa kunong'ona. Nilimweleza pia kwamba gaidi, katika kamusi za kale, ni mnyang'anyi wa njiani, kwa hiyo hata hilo si tafsiri kamili, na kwamba ana hiari ya kutafuta neno jingine la enzi hizo. Aliniuliza kama upo usahihi usioumiza. Sikuwa na jibu.

Alikwenda nyumbani wikendi hiyo. Babu yake amefariki, lakini bibi yake yu hai, naye alimhadithia juu ya vikaratasi ambavyo serikali ilivisambaza vijijini, vyenye picha ya Kimathi akiwa amelala chini, mikono imefungwa. Bibi hakuwa akijua kusoma. Alitaka kujua vile vikaratasi vilimwita nani.

Jumatatu mswada ulirudi mezani kwangu, na ile nafasi ilikuwa imejazwa. Neno ni lile lile, gaidi, limeandikwa kwa herufi ndogo kuliko mengine. Ilipofika siku ya kuyasoma maonyesho mbele ya darasa aliniomba jambo moja tu, kwamba sehemu ya mtangazaji isomwe na mtu mwingine. Wenzake walitazamana. Niliisoma mimi.