Redio juu ya mulima: wati si ulizo la kwanza

Mupango wa Summits on the Air ulianza Uingereza mwaka wa 2002. Watu wanapanda milima wakiwa na redio mugongoni, mufano wa zile foni za misioni lakini ndogo sana, na wanatafuta wenzao wa mbali. Sheria inakataza jenereta ya mafuta: ni batri ao sola tu.

Lakini mutu mupya, mbele ya kupanda, anauliza wati ngapi. Anakosea. Kutoka wati 5 mupaka 20, mushale wa redio ya yule anayesikiliza unapanda alama moja tu. Batri ndiyo inateswa: redio ya wati 100 inakula karibu amperi 20 wakati wa kusema, ile ya wati 5 karibu amperi moja. Na mwenye kubeba ni mugongo.

Kwa mawimbi ya metre 20, waya wa metre 10 hivi, ulioinuliwa juu ya fimbo ndefu ya wavuvi, unasaidia zaidi na hauna uzito. Batri ya asidi kama ya pikipiki ni bei rahisi, kweli, lakini ni nzito na inakufa mbio ukiimaliza kila mara. Lithiamu ni bei kali. Afazali pesa ziende kule.

Wanaosema kwa sauti wana haki kidogo, kwa sababu sauti inapotea mbele ya morse. Basi wakamate wati 10, ao 20. Pointi zinahesabiwa kisha kupata vituo vine. Batri ikizimika kwenye cha tatu, mulima wote umepandwa bila pointi hata moja.